Je, Nia Njema Yatosha?

Hapa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu tangu mwaka 2012, redio ikinyamaza au taa ya sola ikizimika, twamwita rafiki kwanza, fundi baadaye. Ni desturi njema. Lakini twauliza: je, nia njema yatosha? Fyuzi imewekwa ili ikatike umeme unapozidi, nyumba isiungue. Rafiki asiyejua aiona imekatika, afunga waya mnene mahali pake. Taa yawaka, nasi twashukuru. Kumbe, ametuondolea mlinzi!

Basi rafiki wa kweli ni yupi? Ni yule athubutuye kusema, “Sijui, twende kwa fundi.” Nasi tumwombao msaada tusimwaibishe kwa neno hilo, maana tukilicheka, kesho atauficha ujinga wake, na watoto wetu watalala chini ya waya ule.