Kikombe cha Moto na Kuni za Mama



Sisi tuliotoka Kabonga na mwambao wa Rumonge tulizoea joto la ziwa. Huku Kasulu ni juu zaidi, na jioni za Juni na Julai baridi huingia hadi mifupani. Ndipo kikombe cha chai ya rangi, cha uji, au cha maji ya mchaichai huwa faraja kubwa. Tukikishika mikononi, moyo hutulia na mazungumzo huanza.

Lakini tujiulize: je, ni dhambi mama akimnyima mgeni kikombe hicho?

Wengi watajibu haraka kwamba ni dhambi. Yakobo, katika sura ya 2, anamkemea anayemtakia ndugu yake joto na shibe bila kumpa kitu. Ni kweli, joto haliletwi na maneno. Huletwa na kuni, na kuni zina mtu aliyezibeba kichwani. Posho ya kambi kwa kawaida ni unga, maharage, mafuta na chumvi. Majani ya chai na sukari mtu hujitafutia. Basi mama anayehesabu kuni zake za kesho si mchoyo. Anawahesabia watoto uji.

Tena moto huo ni uhai. Mwezi wa Mei 2015, maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, ng'ambo ya mpaka wa Kabonga, kati ya mlima na ziwa, wakingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Kipindupindu kikaua watu. Maji yakichemka, vijidudu vya ugonjwa huo hufa. Lakini kuni za kuwachemshia watu wote wale zingetoka wapi?

Kwa hiyo tusimlaumu mama peke yake. Ukarimu ni deni la mtaa mzima, nasi tumezoea kumtwika mtu mmoja. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tuseme: anayekuja kuota moto aje na kipande cha kuni hata siku ya kwanza. Vijana na baba wabebe kuni pamoja na mama. Wazee, wagonjwa na wajane wasio na nguvu waje mikono mitupu, nao wapewe kwanza.

Hapo kikombe kitampa joto anayekunywa, bila kumwacha aliyekipika katika baridi.

Bwana awabariki.