Kukamilisha Kozi na Kupata Elimu

Ufundishaji wa mtandaoni umeamsha upya swali la zamani kuhusu uhusiano uliopo kati ya kuonekana umejifunza na kuwa umejifunza kweli. Wanafalsafa na wanazuoni wamelijadili swali hili kwa zaidi ya miaka elfu mbili, lakini limepata sura nyingine tangu vyuo vilipoanza kutumia mfumo wa kusimamia ujifunzaji, yaani programu ya kompyuta ambamo mhadhiri huweka masomo, hupokea kazi za wanafunzi, huendesha majaribio, hutunza alama na kufuatilia mwenendo wa kila mwanafunzi. Mmojawapo unaofahamika sana ni Moodle, ambao ulibuniwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, na toleo lake la kwanza likatolewa mwaka 2002 kwa leseni inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadili bila malipo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kutoa elimu kwa njia ya masafa, ni miongoni mwa vyuo vinavyoutumia.

Kiini cha swali kimo katika zana ya ufuatiliaji wa ukamilishaji. Kwa zana hiyo mhadhiri huweka masharti ambayo yakitimia somo huhesabiwa kuwa limekwisha: mwanafunzi awe amefungua ukurasa, au amewasilisha kazi, au amefikia alama ya kufaulu katika jaribio. Sharti likitimia, alama ya tiki hujitokeza kando ya jina la somo, na nyuma ya tiki hiyo kuna kumbukumbu za mfumo, yaani orodha ya matukio inayoonyesha ni nani aliyefungua kitu gani, saa ngapi, na kutoka anwani ipi ya intaneti. Hali ni hiyo hiyo katika SCORM, kanuni za kiufundi zilizoasisiwa chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ili masomo yaweze kuhamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Toleo lake la 1.2, la mwaka 2001, huieleza hali ya mwanafunzi katika somo kwa maneno sita tu: amefaulu, ameshindwa, amekamilisha, hajakamilisha, amepitia juu juu, na hajajaribu. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo lisemalo kwamba mwanafunzi ameelewa, na waliotunga kanuni hizo hawastahili lawama kwa hilo, kwa sababu mashine hurekodi tendo la nje, ilhali kuelewa ni hali ya ndani ya mtu.

Mwanafalsafa wa Kiyunani Plato aliligusa jambo hili katika kitabu chake kiitwacho Phaedrus. Humo Sokrate anasimulia jinsi mungu wa Misri aitwaye Theuth alivyompelekea mfalme Thamus zawadi ya maandishi, akidai kwamba yatawaongezea watu hekima na kumbukumbu, na mfalme akamjibu kwamba watakaoyategemea watakuwa wasahaulifu, watasoma mengi bila kufundishwa, na watajiona wenye hekima hali hawanayo. Sokrate anaongeza kwamba maandishi yakiulizwa swali hayajibu, bali hurudia yale yale daima, wala hayajui ni nani wa kuambiwa na nani wa kunyamaziwa. Wasomaji wengi wamegundua mkinzano wa lawama hiyo kutufikia kwa maandishi. Lakini ukitazamwa kwa makini, mkinzano huo unaisaidia hoja, kwa kuwa Plato aliandika kwa mtindo wa majibizano, ambamo kila dai huulizwa na kila jibu hupimwa. Kinacholaumiwa, basi, ni elimu isiyokubali kuulizwa, iwe imehifadhiwa katika chombo chochote.

Katika mapokeo ya Kiislamu swali hili lina upande mwingine. Inasimuliwa kwamba mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyeishi kati ya mwaka 1058 na 1111, alipokuwa akirejea Tus kutoka Jurjan baada ya masomo, alivamiwa na wanyang'anyi waliochukua mfuko uliokuwa na daftari zake; alipowasihi wamrudishie kwa kuwa ndimo ilimokuwa elimu yake, mkuu wao alicheka, akamuuliza anadaije kuwa na elimu ambayo akinyang'anywa mfuko hubaki hana kitu. Ghazali aliyachukulia maneno hayo kuwa funzo, akatumia miaka mitatu kuyahifadhi aliyokuwa ameyaandika. Mwanafunzi wa leo ambaye vitini vyake vyote vimo ndani ya mfumo, na ambaye akaunti yake hufungwa muhula unapomalizika, anakabiliwa na swali la mnyang'anyi yule yule.

Lakini mchango mkubwa zaidi wa Ghazali katika mjadala huu unatokana na uchambuzi wake wa riya, yaani kutenda jambo jema kwa ajili ya kuonwa na watu, ambao ameupa nafasi pana katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din. Kwa mujibu wa uchambuzi huo, jicho la mtazamaji linaweza kulibadili tendo kutoka ndani huku umbo lake la nje likibaki vile vile, kwani anayeswali peke yake na anayerefusha sala kwa sababu ameona anatazamwa hufanya rukuu ile ile. Mfumo unaorekodi kila mbofyo ni mtazamaji asiyelala, na mwanafunzi anayejua kwamba kufungua ukurasa kunahesabiwa hushawishika kuufungua ili uhesabiwe, kuiacha video icheze bila kuitazama, na kuandika katika jukwaa la majadiliano sentensi mbili za kumuunga mkono mwenzake kwa sababu michango miwili ndiyo inayotakiwa. Huyo hajadanganya wala kuvunja kanuni yoyote. Ametimiza masharti yote, na hapo ndipo ugumu wa suala ulipo.

Upo upande wa pili ambao haki inadai usikilizwe. Darasa la ana kwa ana nalo lina njia zake za kuonekana, kuanzia daftari la mahudhurio hadi mtihani wa mwisho wa mwaka. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Julius Nyerere alieleza kwamba mitihani hupima uwezo wa mtu wa kujifunza mambo na kuyatoa anapotakiwa kwa muda uliowekwa, na kwamba haipimi uwezo wake wa kufikiri, wala tabia yake, wala utayari wake wa kuwatumikia wengine. Zaidi ya hayo, elimu ya masafa huwafikia wafanyakazi, akina mama wenye watoto wachanga na wakazi wa wilaya za mbali, ambao bila hiyo wasingeingia chuo kikuu kabisa. Ghazali mwenyewe alitahadharisha kwamba kuacha tendo jema kwa kuogopa riya ni mtego mwingine, hivyo kuuacha mfumo kwa sababu ya tiki kungekuwa kosa kubwa kuliko tiki yenyewe.

Njia iliyo sawa ni kuzitofautisha zana zenyewe. Zipo zinazohesabu, kama vile kumbukumbu na ufuatiliaji wa ukamilishaji, na zipo zinazomfanya mwanafunzi aulizwe na ajibu: kazi inayorudishwa na maelezo ya mhadhiri ili iandikwe upya, jukwaa ambamo mwanafunzi hutakiwa kuitetea hoja yake mbele ya mwenye hoja tofauti, na warsha ambamo wanafunzi husahihishana kwa vigezo vilivyotangazwa. Moodle yenyewe ilijengwa juu ya nadharia isemayo kwamba watu hujenga maarifa pamoja wanapotengeneza kitu cha kutazamwa na kujadiliwa na wengine, na kwa hiyo kuitumia kama kabati la vitini na daftari la mahudhurio ni kuyapuuza madhumuni yake. Utaratibu wa kuulizwa na kujibu haupo mbali na ule wa darasa za pwani ya Afrika Mashariki, kama zile za msikiti wa Riyadha huko Lamu, ambamo mwanafunzi husoma kitabu mbele ya sheikh, akasahihishwa na kuulizwa, na ambamo ijaza, yaani idhini ya kukifundisha kitabu, hutolewa na mwalimu anayeijua elimu ya mwanafunzi wake.

Kutokana na hayo yafaa vyuo vizitumie kumbukumbu za mfumo kumtambua mwanafunzi aliyekwama ili asaidiwe, na visizitumie kama ushahidi wa elimu. Mwanafunzi asitunukiwe cheti cha kozi yoyote kabla hajaulizwa na mwalimu, kwa maandishi au kwa mdomo, aeleze kwa maneno yake mwenyewe jambo alilojifunza. Chuo kisichoweza kumuuliza kila mwanafunzi kwa sababu ya wingi wao kina upungufu wa walimu, na upungufu huo huondolewa kwa kuajiri walimu.