Shahidi Mmoja Ndani ya Damu

Kadhi hamhukumu mtu kwa tetesi. Anataka ushahidi, na akishaupata anamchunguza shahidi mwenyewe: aliona nini, alikuwa wapi, ana ugomvi na nani. Swali langu, ndugu zangu katika imani, ni hili: adabu hiyo inaishia mahakamani, au inatuhusu hata mbele ya karatasi ya maabara?

Nauliza kwa sababu ya baridi yabisi. Simaanishi kila goti linalouma uzeeni. Nazungumzia ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia maungo yake yenyewe, vidole na viwiko vya mikono vinavimba pande zote mbili, na asubuhi vinakakamaa kwa saa nzima au zaidi. Sisi tunaosomea ualimu wa sayansi hapa Nagongera tunafundishwa kwamba protini zimejengwa kwa asidi amino, na mojawapo inaitwa arginini. Kuna kimeng'enya mwilini kinachoweza kuigeuza arginini ikawa sitrulini. Jina hilo limetokana na jina la kisayansi la tikiti maji, kwani ndimo ilimopatikana huko Japani mwaka 1914. Mabadiliko ni madogo mno, na hutokea hata kwa mtu mzima wa afya. Lakini kwa baadhi ya watu kinga inaikuta protini imebadilika sura, inaidhania adui, na inatengeneza kingamwili dhidi yake. Moshi wa sigara unazidisha mageuzi hayo mapafuni, na bakteria mmoja wa ugonjwa wa fizi ana kimeng'enya chake mwenyewe cha kuyafanya. (Wapenzi wa mswaki wa mti watatabasamu hapa. Sisemi kwamba mswaki unatibu baridi yabisi.)

Wako wanaosema mwili umejisaliti. Mimi naona neno linalofaa zaidi ni dhana, na dhana tumeonywa nayo.

Sasa tuje kwenye vipimo. Kile cha zamani, RF, hakitafuti kingamwili za sitrulini hata kidogo. Kinatafuta nyingine, ambazo huonekana pia kwa wenye malaria, kifua kikuu na homa ya ini. Na hapa ni Nagongera. Kabla nyumba hazijaanza kupuliziwa dawa mwishoni mwa 2014, watafiti walikadiria kwamba mtu wa hapa aliumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 100 kwa mwaka. Shangazi yangu, aliyezeeka na mbu hao, alipimwa RF katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Ikasomeka chanya. Akaambiwa ana baridi yabisi, akameza vidonge vya maumivu miezi mingi mpaka tumbo likamchachamaa. Hakuna aliyemshika hata kidole kimoja kuona kama kimevimba.

Kipimo kipya, anti-CCP, ndicho kinachotafuta kingamwili za protini zilizogeuzwa, na kinatofautisha vizuri zaidi. Hata hicho kiliwahi kuwakuta wagonjwa wengi wa kifua kikuu wakiwa chanya. Watafiti walioripoti jambo hilo mwaka 2008 hawakuishia hapo. Walizijaribu damu zile kwa protini ile ile ikiwa na arginini, kabla haijageuzwa, na kingamwili za wenye kifua kikuu zikaishika nayo. Kumbe hazikuwa zikitambua mageuzi. Naipenda hatua ile, kwa sababu shahidi aliulizwa swali la pili.

Kosa la upande wa pili ni baya vile vile. Wagonjwa wengine wa baridi yabisi, na si wachache, hawana kingamwili hizi kabisa. Karatasi inasema hasi, lakini mikono imevimba. Matibabu yakianza mapema vidole huokolewa. Yakichelewa, kiungo kilicholiwa hakirudi. Na sisi msikitini tunamwona mtu anayekosa Alfajiri, au kijana anayeswali kitini, tunaanza kunong'ona kuhusu uvivu, wakati ruhusa ya kuswali umekaa ipo kwa mgonjwa na saa ile ya Alfajiri ndiyo ya ugumu wake mkubwa.

Liko jambo zito zaidi. Kingamwili hizi zinaweza kuonekana miaka kadhaa kabla ya maumivu yoyote, na wapo wanaokuwa nazo ambao ugonjwa haujawafika. Majaribio yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kwamba dawa iitwayo abatasepti inaweza kuuchelewesha ugonjwa kwa walio hatarini, lakini ikishaachwa faida inapungua. Dada mmoja katika darsa letu aliuliza: mwenye kingamwili bila maumivu, je, anawajibika kumwambia mchumba wake kabla ya nikahi?

Kuficha ugonjwa ni ghushi, hilo silipingi. Lakini kingamwili si ugonjwa, na fiqhi inatufunza kwamba yakini haiondolewi na shaka. Yakini hapa ni afya yake anayoiona kila siku. Nasema hawajibiki, na asiyeumwa kitu asikimbilie kupimwa kwa udadisi. Mashekhe wenye elimu kunizidi wanisahihishe. Ila kwanza waniambie: sisi tuliolelewa na mbu wa Nagongera, tukipangwa foleni na kupimwa RF leo, ni wangapi watakaofaa kuoa na kuolewa?