Deni kwa Kuku Aliyechoka Kutaga

Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 18 hadi 20. Kwa mwaka mmoja hivi hutaga karibu yai moja kila siku. Akikaribia wiki 72, hesabu za mfugaji humgeuka: chakula anakula kile kile, lakini mayai yamepungua na magamba yamekuwa dhaifu. Hapo huuzwa machinjoni na banda hujazwa wapya, ingawa mwili wake ukitunzwa ungeweza kuishi miaka mingine kadhaa. Nchini Uingereza wapo watu wanaowachukua kuku hao kabla lori la machinjio halijafika. Shirika la British Hen Welfare Trust, lililoanzishwa huko Devon mwaka 2005 na Jane Howorth, limewapatia makao mapya mamia ya maelfu yao, wengi katika nyua za nyumba za watu wa kawaida. Watu husifu kazi hii kwa kuiita huruma. Mimi naona ni jambo zito kuliko huruma. Anayemchukua kuku huyo analipa sehemu ya deni, na deni hupimwa kwa haki ya mdai, wala halipimwi kwa ukunjufu wa moyo wa mdaiwa.

Deni hilo limetoka wapi? Kuku wa kufugwa ametokana na kuku-mwitu wa misitu ya Asia, ambaye hutaga mayai 10 hadi 15 hivi kwa mwaka, yanayomtosha kuangua na kulea. Binadamu, kwa kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi, wamemfikisha kuku wa leo kwenye mayai yapata 300 kwa mwaka. Gamba la yai moja lina takriban gramu 2 za kalisi, na kwa kuwa sehemu kubwa yake hujengwa usiku, wakati kuku hali, mwili huchota sehemu yake mifupani. Ndiyo maana kuvunjika au kupinda kwa mfupa wa kidari ni jambo la kawaida kwa kuku wa mayai, na maradhi ya mirija ya uzazi huwaua wengi hata baada ya kuokolewa. Hayo si mapigo ya bahati mbaya. Ni gharama ya uzalishaji ambayo haikuandikwa kwenye daftari la mauzo. Iliandikwa mwilini mwa kuku, na sisi walaji tukapata yai la bei nafuu. Mtu akijinufaisha kwa kumharibia mwingine mwili, kisha akamuuguza, hatumwiti mkarimu. Tunasema anatimiza linalompasa, maana dawa ya deni ni kulipa.

Wanafalsafa waliligusa suala hili zamani. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, alipoeleza maisha ya Cato Mzee alimlaumu kwa kuwauza watumwa wake wakishazeeka. Akakumbusha kwamba Waathene walipojenga hekalu la Parthenon waliwaachilia nyumbu waliofanya kazi kwa bidii, na mmoja wao aliporudi kwa hiari yake kuwaongoza wenzake, wakaamua alishwe kwa fedha za umma hadi kufa. Immanuel Kant naye aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu anastahili kutunzwa uzeeni. Lakini kwa Kant hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Tunamtendea wema ili tusizoee ukatili na kuuhamishia kwa watu. Hapa ndipo ninapoachana naye. Kama kuku ni uwanja wa kuzoeza utu wangu tu, basi wajibu umekwisha mara moyo wangu ukilainika, hata kama kuku mwenyewe bado anateseka.

Msimamo wenye nguvu zaidi umo katika maandishi ya Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Alifariki Cairo mwaka 1262. Katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam anaorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu: mwenye mnyama amgharimie kwa kadiri ya mahitaji ya mnyama wa namna yake, hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutokuwa na manufaa yoyote, asimtwike asiloliweza, asimweke pamoja na wale watakaomjeruhi, na pahali pake pa kupumzikia na kunywea pawe pazuri. Hoja iliyo ndani ya orodha hiyo ni ya kina. Kama haki ya mnyama ingekuwa ujira wa kazi yake, ingekoma siku kazi inapokoma. Mwanachuoni huyu anaisimamisha hata pale ambapo manufaa yametoweka kabisa, maana imejengwa juu ya uhai wa mnyama na mamlaka ya binadamu juu yake. Biblia inapita njia jirani: siku ya Sabato ng'ombe na punda nao wapumzike, na ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Katika dini zote mbili, mnyama ana dai mbele ya Mungu, na mwenye kummiliki ataulizwa.

Deni likiwa la namna hiyo, malezi ya kila siku yanakuwa ndiyo maadili yenyewe. Kuku anayetoka kizimbani aghalabu hufika akiwa na mabaka yasiyo na manyoya, upanga wa kichwani uliopauka na kulala upande, kucha ndefu na miguu isiyo na nguvu. Kule Uingereza wapo waliowafumia kuku hao visweta. Nia ilikuwa njema, lakini sweta humzuia kuku kujichambua manyoya, hushika unyevu na huwapa utitiri maficho. Anachohitaji ni banda kavu lisilopitisha upepo mkali, maranda ya kutosha sakafuni, na chakula kile kile cha kuku wa mayai alichozoea, pamoja na chokaa au magamba ya chaza pembeni. Vivyo hivyo, anayemfungulia uani siku ile ile anajifurahisha mwenyewe. Kuku ambaye hajawahi kurudi bandani kwa miguu yake hajui jua likizama aende wapi. Afungiwe humo siku kadhaa kwanza mpaka apajue kuwa ni kwake. Fito za kulalia ziwe chini, zenye ubao wa kupandia, kwa sababu mifupa yake haiwezi kuhimili kuruka. Kama wapo kuku wenyeji, waonane kwanza kupitia wavu, wasije wakamdonoa hadi kufa. Kila moja ya hayo linamtaka mlezi aulize kuku anahitaji nini kabla ya kuuliza yeye mwenyewe anajisikiaje.

Atatokea wa kusema kwamba tunamvisha kuku mahitaji ambayo hana, maana aliyelelewa kwenye waya hawezi kutamani udongo asioujua. Ushahidi unakataa. Kuku waliolelewa juu ya sakafu ya waya huonekana wakichuchumaa, wakitikisa mabawa na kujigaragaza kana kwamba wanaoga vumbi, ilhali chini yao hakuna hata punje ya mchanga. Majaribio pia yameonyesha kwamba kuku aliyekaribia kutaga husukuma mlango mzito ili afike kwenye kiota. Haja hiyo haikufundishwa na wala haifutwi kwa kunyimwa. Sheria zenyewe zimeanza kulitambua hilo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu kuanzia 1 Januari 2012, ingawa vile vilivyoboreshwa, vyenye fito na kiota, bado vinampa kila kuku sentimita za mraba 750 tu, eneo linaloizidi kidogo karatasi ya A4.

Pingamizi la pili ni la kidini na linastahili heshima: Mungu amehalalisha nyama ya kuku, basi deni la kumtunza hadi kufa limetoka wapi? Sidai kwamba kuchinja ni dhambi. Wanachuoni wa Kishafii husema kwamba mmiliki aliyeshindwa kumlisha mnyama hulazimishwa amuuze, au amchinje kama ni wa kuliwa. Kinachokatazwa ni kubaki naye hai huku ukimnyima haki zake. Ruhusa ya kuchinja inahusu namna uhai unavyokoma, na haisemi kwamba siku zote za kabla ya kisu ni mali ya mwenye banda kuzitumia apendavyo. Aliyeamua kumwokoa kuku amechagua kumwacha hai, kwa hiyo amejitwisha wajibu wote unaofuata.

La tatu ni kwamba watu wana njaa, na kuku wachache waliookolewa hawapunguzi kitu katika mamilioni yanayochinjwa. Kuhusu njaa, haki ya mtu hutangulia, na hakuna anayelazimika kuchukua kuku huku watoto wake wakikosa mlo. Lakini mwenye nafasi ya ua na uwezo wa kununua pumba hamwibii maskini kwa kufuga kuku watatu wazee. Kuhusu uchache, mwenye kudaiwa na watu elfu hasemi kwamba kwa kuwa hawezi kuwalipa wote, hamlipi hata mmoja. Kila kuku anaumia kwa mwili wake mwenyewe. Anayepona maumivu amepona kikamilifu, hata kama mwenzake hakufikiwa.

Hoja hii haiishii Devon. Mbegu kama Isa Brown, zinazotaga Uingereza, ndizo hizo hizo zinazofugwa Kenya na kwingineko Afrika Mashariki, na vizimba vinazidi kuenea kwetu pia. Kama kuku aliyekwisha kutaga anatudai banda kavu, fito ya kulalia na vumbi la kuogea, basi hakuanza kutudai siku alipookolewa. Alikuwa akitudai tangu yai la kwanza, tulipokuwa bado tunapata faida. Mwokoaji anaitambua haki hiyo ikiwa imechelewa. Mfugaji ana nafasi ya kuilipa ikiwa bado mbichi, kwa kumpa kuku anayetaga nafasi ya kutembea, kiota na fito, na kupanga bei ya yai inayobeba gharama hizo. Na mlaji anayeona bei hiyo imepanda ajue kwamba sasa analipa sehemu iliyokuwa ikilipwa na mifupa ya kuku.