Mlango Ukiwa Wazi, Nani Ametukanwa?

Mzazi wa Nairobi akitafuta mtu wa kumfundisha mtoto nyumbani huwa na maswali matatu: unatoza ngapi kwa saa, unaielewa CBC, na unaweza kuanza lini. Nimefanya kazi hii miaka minne sasa, tangu karo iniondoe chuo nikiwa mwaka wa pili, na nimeingia nyumba za Donholm, South B, Kilimani hadi Ruaka. Hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kuniomba kitambulisho. Anayekiomba ni mlinzi wa geti. Yeye ana kitabu chake cha mistari: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, nyumba unayoenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Kitabu hicho kiliwekwa kwa sababu ya televisheni na mitungi ya gesi. Kwa hivyo mlinzi ananijua kuliko mama aliyenifungulia mlango, akanionyesha chumba cha mtoto, kisha akashuka kwenda saluni.

Siwacheki wazazi. Hivyo ndivyo tunavyoishi hapa. Mtu huletwa na mtu: ni kijana wa kanisa letu, alimsaidia mtoto wa dada yangu akapanda hesabu, ni mpole sana. Ukishaambiwa hivyo, kuanza tena kumhoji mgeni wa watu kunaonekana ni kumvunjia heshima yeye na aliyemleta. Na sisi tunaofundisha tunajua hilo, tunalitegemea hata. Swali langu ni kama kweli kuna heshima yoyote inayovunjwa hapo.

Kuna mama mmoja wa South B ambaye siku ya kwanza tu alikuwa ameweka meza sebuleni, hatua kama kumi kutoka jikoni. Akaniambia, bila kupandisha sauti, "Ticha, huku kwetu watu hawafungi milango. Na ukitaka kutuma zoezi, tuma kwa namba yangu, si ya mtoto." Basi. Akaenda kuchemsha chai. Uso wangu ulipata moto kidogo, sitakudanganya. Unajiuliza, kwani huyu ananionaje? Baada ya wiki mbili hivi mtoto mwenyewe, akilalamika kuhusu mambo yake, akaniambia kwamba hata mjomba akija kumfunza gitaa wanakaa hapo hapo sebuleni. Mjomba wa damu!

Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo watu wengi huipita. Kushuku ni kumnyooshea mtu kidole. Sharti halina kidole. Linawekwa kabla hujafika, na linamkuta kila anayefika. Linganisha na yale matangazo ya vikundi vya WhatsApp: "Anatafutwa mwalimu wa Gredi ya 6, awe msichana." Hayo ndiyo matusi, kwa sababu yananihukumu kwa kuwa mwanaume na hayanipi chochote cha kufanya ili niaminike. Na hata ukiniweka mimi kando, hayamlindi mtoto. Ukishampata huyo msichana, mlango unafungwa kabisa, kwa sababu tumekubaliana kwamba mwanamke hawezi kumdhuru mtoto. Anaweza. Na mtoto wa kiume anaweza kudhuriwa pia, ingawa kwetu hilo huongelewa kwa kunong'ona, kama linaongelewa.

Utasema, si kuna sheria? Zipo, na nyingine ni kali. Shuleni kuna TSC, ambayo mwaka 2010 ilitoa waraka mzima kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Mwaka 2015, katika kesi ya wasichana wawili waliodhulumiwa na naibu wa mwalimu mkuu wa shule yao, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba lawama haiishii kwa mwalimu. TSC na serikali waliibeba pamoja naye. Alikemea pia ule mtindo wa kumhamisha mwalimu mwenye tuhuma kutoka shule moja hadi nyingine. Ni uamuzi mzito. Maana yake ni kwamba nyuma ya mwalimu lazima kuwe na mtu anayejibu.

Sasa niambie, nyuma yangu kuna nani? Mimi siko TSC. Sina mwalimu mkuu, sina rejista, sina mtu wa kupelekewa malalamiko. Nikifukuzwa South B Jumatatu, Alhamisi niko Syokimau na hakuna faili inayonifuata. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni ya likizo, lakini haikuondoa hofu ya wazazi kwamba mtoto atabaki nyuma, na kwa hofu hiyo sebule na vyumba vya kulala vimekuwa madarasa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamtaja mtu anayetumia vibaya nafasi ya kuaminiwa na kumwekea kifungo. Vizuri. Ila kifungo hufika baada ya jambo kutokea, tena kama limesemwa. Cheti cha tabia njema nacho, kile cha DCI unachopigiwa alama za vidole, ningependa wazazi wakiombe. Nikiulizwa nitakitoa. Lakini kinasema tu kwamba hadi siku hiyo sijapatikana na hatia. Jumanne saa kumi jioni, mimi na mtoto chumbani, kile cheti kiko kwenye droo.

Mimi hulifikiria hili kwa neno amana. Kuamini na amana ni shina moja, lakini tunavyotumia kuamini siku hizi ni kama zawadi: nimekupa, siulizi tena, nikiuliza nimekuchokoza. Amana haiko hivyo. Ukiniachia pesa za chama nikuwekee, una haki ya kuja saa yoyote useme nizione, na mimi nikinuna, hata mtoto atajua kuna kitu. Kuzionyesha ni sehemu ya kazi ya kuziweka. Mbona basi kwa pesa za chama tunadai sahihi tatu, na kwa mtoto wa miaka tisa tunaridhika na "ni mpole sana"?

Pingamizi lenye uzito kwangu halihusu hisia za walimu. Linahusu nafasi. Mama wa South B ana sebule. Ana jiko ambalo liko mbali kidogo na sebule hiyo, na ana jioni za kuwa nyumbani. Nenda Kayole ama Mathare, nyumba ni chumba kimoja chenye pazia katikati, mama anafua nguo za watu Buruburu hadi giza, na yule kijana wa ploti anayefundisha watoto sita kwa shilingi hamsini kila mmoja ndiye tuisheni, ndiye pia mtu wa kuwaangalia wasiingie barabarani. Ukimwambia mama huyo "hakikisha mzazi yupo," umemwambia achague kati ya usalama na unga. Sipendi ushauri wa aina hiyo, na naona mwingi unaandikwa na watu wenye sebule.

Lakini nimeshakaa kwenye ploti hizo na nimeona kwamba mara nyingine ziko salama kuliko fleti za Kilimani. Watoto wanafundishwa sita pamoja, wamekaa kwenye korido, na kila anayepita kwenda kuchota maji anachungulia daftari na kutoa maoni ambayo hakuombwa. Hakuna anayefanya ulinzi, na bado wanalindwa. Tatizo huanza pale mmoja wao "anabaki kidogo amalizie." Hapo ndipo majirani wanapaswa kuwa na ukaidi, na hapo ndipo kijana wa ploti, kama ni mtu, anapaswa kusema hapana, wote waende pamoja. Hilo halihitaji pesa wala sebule.

Naona uzito wa jambo hili unafaa utuangukie sisi tunaofundisha, kwa sababu kwetu ndiko kulikaa rahisi. Mzazi akisema "acha mlango wazi" anaogopa kukuudhi. Mtoto hawezi kabisa. Tumemfundisha kwamba mwalimu habishiwi, kwamba mkubwa akikuita unaenda, kwamba siri za wakubwa hazisemwi. Tukimtaka mtoto wa Gredi ya 4 avunje hayo yote peke yake, siku ambayo ameogopa kuliko siku zote, tumempa kazi iliyomshinda babake mbele ya mlinzi wa geti. Ni mwalimu tu anayeweza kulisema bila kupoteza chochote isipokuwa fahari kidogo.

Kwa hivyo siku hizi husema mwenyewe kwenye simu ya kwanza, kabla ya bei. Nafundisha mezani, mahali watu wanapita. Sitaandikiana na mtoto pembeni. Kama ni mtandaoni, awe sebuleni na bila vifaa vya masikioni. Zawadi sitoi bila wewe kujua. Na mwambie mtoto, mimi nikiwepo, kwamba anaweza kukatiza somo wakati wowote bila kueleza kwa nini, na kwamba namba 116 ni ya watoto, hupigwa bure.

Baba mmoja wa Ruaka alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akauliza, "Kwani ulikuwa na shida mahali?" Nikamwambia hapana. Akasema atanipigia. Wiki iliyofuata alipiga kweli, lakini hakuuliza bei. Alitaka kujua kama ningeweza kuyaandika yale masharti ayapeleke kwa mwalimu aliyekuwa tayari amemwajiri, manake yeye mwenyewe hakujua aanzie wapi.