Yafaa Kwenda Kutazama Gereza la Kale?

Ndugu msomaji, tangu zamani mwanadamu hupenda kusafiri ili aone mambo ya waliomtangulia. Qurani Tukufu haikukataza jambo hilo, bali mara nyingi imetuhimiza tutembee katika ardhi na kutazama jinsi ulivyokuwa mwisho wa watu wa kale. Lakini pana mahali ambapo kutazama kwenyewe kwahitaji kuulizwa swali, napo ni gereza la kale lililogeuzwa kuwa makumbusho. Je, ni haki mtu alipe kiingilio, atembee katika vyumba walimolia wenzake, apige picha, kisha arudi nyumbani amefurahi?

Swali hili limetoka Buseresere, wilayani Chato katika mkoa wa Geita. Vijana wa huko, baadhi yao Waislamu wapya na baadhi wangali wanaitafuta dini, wanapanga kwenda Mombasa kuiona Ngome ya Yesu. Si safari fupi. Watapita Geita, wavuke ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, wapite Mwanza na Musoma, wavuke mpaka Sirari, kisha washike njia ya Nairobi hadi pwani. Nauli, hati za kusafiria na mahali pa kulala vimekwisha fikiriwa. Lililobaki ni kupanga nia, nalo ndilo tutakalolieleza hapa.

Kwanza yafaa tujue ngome hiyo ni kitu gani. Ilijengwa na Wareno baina ya miaka 1593 na 1596, kwa ramani ya mhandisi wa Kiitalia, Giovanni Battista Cairati. Mwezi wa Machi 1696 jeshi la Omani liliizingira, na kuzingirwa huko kulidumu karibu miaka mitatu. Wengi waliokuwamo ndani walikufa kwa njaa na maradhi kabla ngome haijaanguka Desemba 1698. Mwaka 1895 Waingereza waliifanya gereza, nayo ikabaki gereza hadi 1958. Mwaka 1960 ilifunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia.

Hata lugha yetu yatoa ushahidi. Wataalamu husema kwamba neno “gereza” limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Ndani ya ngome mlikuwa na kanisa, na watu wa pwani wakaiita ngome yenyewe kwa jina hilo, mpaka jina likabaki kwa nyumba ya kufungia watu. Neno lililoanza likiwa nyumba ya ibada limeishia kuwa nyumba ya pingu. Tena nyumba hiyo ilipewa jina la Nabii Isa a.s., ambaye hakumfunga mtu yeyote.

Lakini Mwislamu asifurahi upesi kwa kusikia hayo. Ngome hiyohiyo inayo habari nyingine inayotuhusu sisi. Alikuwako mtoto wa mfalme wa Mombasa, jina lake Yusuf bin Hasan. Baba yake aliuawa kwa hila za Wareno, na mtoto akapelekwa Goa, huko Bara Hindi, akabatizwa, akaitwa Jerónimo, akalelewa na mapadre. Baadaye alirudishwa Mombasa atawale chini ya Wareno. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kamanda wao, akatangaza kwamba amerudi katika Uislamu. Kisha Wakristo, Wareno kwa Waafrika, walitakiwa waache dini yao, na waliokataa waliuawa.

Hapana shaka Yusuf bin Hasan alidhulumiwa. Aliondolewa kwao angali mtoto, akavikwa imani asiyoichagua. Lakini ufunguo ulipofika mkononi mwake alitenda lile lile alilotendewa. Aliyefungwa akawa mfungaji. Wala hatuwezi kumtetea kwa kuwa alilitaja jina la Uislamu, maana Qurani Tukufu imekataza waziwazi kumlazimisha mtu katika dini. Imani iingiayo moyoni kwa ncha ya upanga si imani, bali ni hofu tu iliyovaa kanzu.

Sasa mtazame Yusufu mwingine, yaani Nabii Yusufu a.s. Ndugu zake walimtupa kisimani, akauzwa, kisha akatiwa gerezani pasipo kosa. Alipotoka alipewa mamlaka juu ya hazina za Misri, na ndugu zake wakaja mbele yake wakiwa na njaa. Hapo ufunguo ulikuwa mkononi mwake, na gereza alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Hata hivyo hakuwafunga. Aliwapa chakula, akawasamehe. Naye Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alifuata mwendo huo alipoingia Makka mwaka 630, wakati waliomtesa kwa miaka mingi walipokuwa chini ya amri yake.

Basi hilo ndilo somo la gereza la kale. Kila aingiaye humo hujiona upande wa mfungwa, kwa kuwa kumwonea huruma aliyekwisha kufa si kazi. Swali gumu ni hili: Ufunguo ungekuwa mkononi mwangu, ningefanyaje? Nanyi mlioingia katika dini karibuni, swali hili lawahusu zaidi. Baadhi yenu mmefungiwa milango na jamaa zenu kwa sababu ya imani mliyoichagua. Kesho ninyi mtakuwa baba na mama, na mtoto wenu atataka kuuliza, kupinga, pengine kushika njia nyingine. Siku hiyo mtakuwa Yusufu yupi?

Hata hivyo yapo maneno mengine yanayopasa kusikilizwa. Vijana walipokuwa wakichanga fedha walimwendea mzee mmoja ambaye mwanawe amefungwa kwa ugomvi uliotokea kwenye maduara ya dhahabu. Mzee aliwajibu: “Wanangu, mwaenda Mombasa kuona vyumba vitupu. Mwanangu yumo katika chumba kilichojaa. Nani kati yenu amewahi kunisindikiza kwenda kumwona?” Hapana aliyekuwa na jibu, na baadhi yao wakashauri kwamba safari ivunjwe.

Sisi hatuoni hivyo. Mzee hakusema kwamba mambo ya kale yasitazamwe. Alionyesha kwamba utaratibu umepinduliwa. Katika Sura Yusuf twasoma habari za mfungwa aliyefunguliwa, ambaye Nabii Yusufu alimwomba amtaje mbele ya bwana wake. Alipotoka nje alisahau, na Yusufu akakaa gerezani miaka kadhaa zaidi. Wako wengi mfano wa mtu huyo. Si wakatili, ila wanasahau, na kusahau kwao ni kufuli la pili juu ya mlango. Qurani Tukufu yawasifu wanaomlisha mateka pamoja na maskini na yatima. Hata Injili ya Mathayo yaonyesha kwamba siku ya hukumu watu wataulizwa kama walimwendea aliyekuwa kifungoni. Hawataulizwa kama walikwenda kumtazama aliyefungwa zamani.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa vijana wa Buseresere, na kwa kila apangaye safari ya namna hii, ni huu:

Kwanza, wajifunze habari za ngome kabla ya kuondoka, maana aingiaye bila kujua huona mawe tu.

Pili, waanze na walio hai. Wamsindikize mzee kwa mwanawe. Tena Mwanza, katika njia yao, liko gereza la Butimba. Wamwombe mkuu wa gereza ruhusa mapema, wafuate siku na masharti watakayopewa, wawachukulie sabuni wale wasio na jamaa wa kuwatembelea. Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote mawili, basi ya Mombasa ingoje.

Tatu, wakiwa ndani ya ngome wapunguze sauti, wala wasijifanye wafungwa kwa ajili ya picha. Mateso ya mtu si mchezo, ijapokuwa mwenyewe amekwisha kufa.

Nne, wakirudi kila mmoja ajihesabu: Ni nani nimemfungia mlango? Pengine ni mke asiyeruhusiwa kusema neno. Pengine ni kibarua wa duarani ambaye ujira wake umezuiwa, au jirani aliyekosa miaka kumi iliyopita na hajasamehewa bado. Gereza halihitaji kuta za mawe, bali latosha moyo mmoja ulioshika ufunguo na kukataa kuugeuza.

Mwenye kusafiri kwa nia hiyo, safari yake ni ibada. Asiye na nia hiyo, hata akienda mara kumi, atakuwa ameona boma la kale na bahari tu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kufungua, atuepushe na kusahau walio kifungoni, na ufunguo utakapofika mikononi mwetu atupe moyo wa Nabii Yusufu a.s. Amin.