Si Ungeomba Tu?

Siku niliyoenda kupeleka barua ya kuacha chuo, niliiba mmea. Sikuung'oa wote. Karani alikuwa ameingia chumba cha ndani kutafuta faili yangu, nami nikabaki kwenye benchi nikiutazama mmea uliotambaa kutoka juu ya kabati hadi karibu na sakafu. Nikakata kipande kwa kucha, nikakitia mfukoni. Karo ilikuwa imenishinda. Nadhani nilitaka tu kutoka pale na kitu.

Mmea wenyewe unaujua: majani ya umbo la moyo, kijani chenye mabaka ya manjano. Wanasayansi huuita Epipremnum aureum. Sisi mtaani ni "money plant" tu. Kuuzalisha si kazi. Tafuta kifundo, pale jani linapoungana na shina, penye kijinundu cha mzizi. Kata chini yake kidogo, tumbukiza kifundo ndani ya maji, weka penye mwanga lakini si jua kali, badilisha maji kila baada ya siku chache. Jani lisilo na kifundo linaweza kukaa kijani muda mrefu, lakini halitachipua. Changu kilitoa mizizi baada ya wiki tatu hivi, ndani ya chupa ya jamu, dirishani kwa bedsita yangu.

Kwa miaka miwili sikujiona mwizi. Ukiniibia simu, wewe una simu, mimi sina. Lakini ukinikatia kitawi, mmea ninao bado, na mara nyingi utachipua pale pale ulipokatwa. Sasa kilichopungua ni nini? Isitoshe, mmea huu ulitoka kisiwa cha Mo'orea, Polinesia ya Ufaransa, na ni nadra sana kutoa maua, kwa sababu jeni ya kutengeneza homoni inayohitajika ili uchanue ina hitilafu. Bila maua hakuna mbegu. Umeenea kwa kukatwa, mkono hadi mkono, mpaka ukafika kabati la ofisi ile. Nikajiambia: huu hauna mwenyewe. Sote tumeshika vipande vya mmea mmoja.

Halafu mwezi uliopita nikarudi keja jioni nikakuta mmea wangu, ule nilioutundika kwenye korido, umekatwa vitawi vitatu. Mlango wa jirani ulikuwa wazi. Viko kwenye gilasi, juu ya meza yake.

Nilikasirika vibaya, na hoja yangu yote haikunisaidia. Mmea ulikuwa bado wangu, ulikuwa bado mzima. Kilichoniuma ni kwamba ningempa. Angegonga, ningemkatia mwenyewe, ningemwonyesha kifundo, labda leo ningekuwa najua jina lake. Alichukua vitawi, lakini pia alichukua nafasi yangu ya kutoa. Hicho ndicho kinachopungua.

Najua utaniambia kuomba si rahisi. Kweli. Muhula ule niliomba basari, nikaomba muda wa kulipa, nikaomba wajomba. Mtu akichoka kuomba huona heri kuchukua, angalau hakuna wa kumwambia hapana. Ila karani yule hakuwahi kuniambia hapana. Mmea haukuwa wa chuo. Ni yeye aliyeununulia mkebe, ni yeye aliyekuwa akiumwagilia. Nilimlipiza deni lisilo lake, kisha nikalipamba kwa falsafa.

Wiki jana nilipanda matatu nikiwa na chupa ya jamu mapajani. Nilimkuta palepale. Nilipomweleza, aliitazama ile mizizi kwa muda.

"Si ungeomba tu, mwanangu?"

Akaiweka juu ya kabati, kando ya mmea mama. Huwezi kuvitofautisha. Kwa upande wa jeni, nilimrudishia kilekile nilichochukua. Lakini sidhani kama hilo linafuta kitu, na yeye hakusema limefuta. Aliuliza tu kama nimekula.

Jirani bado hatujaongea. Nikipita naona vitawi vyake vimeanza kulegea: ameweka shina fupi mno, vifundo vyote viko juu ya maji. Hivyo havitatoa mizizi. Najua nikimwambia atajua kwamba najua vilikotoka.

Leo jioni nitagonga.